HOTUBA YA MWENYEKITI: MACHO MEKUNDU NI YA MOSHI

 

Namshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Hesabu za hisa na mikopo atazisoma Mhazini. Mimi nina neno moja, nalo linatuhusu sisi wazee.

Mwaka wetu wa tatu mama mmoja mjane aliomba kujiunga. Macho yake yalikuwa mekundu. Sisi wazee wa kamati tukatazamana, tukasema, "Tumchunguze kwanza." Siku hiyo hiyo tukamwajiri mzee mmoja awe mlinzi. Naye macho mekundu vile vile, ila tukasema, "Masikini, ni umri." Katibu wetu, binti mdogo, akauliza, "Mama, macho si yale yale?" Nilikosa jibu. Nilikuwa nimeshahukumu, tena mimi mwanamke.

Jamani, hapa Usukumani kuni ni shida. Tunapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe makavu, tangu usichana tumeinamia moshi. Macho yataacha kuwa mekundu? Lakini kwa ajili ya macho hayo, akina mama wazee wengi wa mkoa wetu na Shinyanga wameitwa wachawi, wakauawa kwa mapanga. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, ila ramli nyingine imo vichwani mwetu. Tuliisikia tukiwa watoto, tukaisikia tena na tena, mwisho tunadhani tumeiona wenyewe. Na mara nyingine nyuma yake kuna shamba la mjane linalotakiwa.

Kwa hiyo nawaomba wazee wenzangu, mtu akileta maneno juu ya mama yeyote, tujiulize: Nani ameona? Angekuwa mwanamume tungesema hivyo? Nani atafaidika? Vijana wanatusikiliza, na neno la mzee kwao ni hukumu.

Yule mama tulimpokea. Leo anashika ufunguo mmoja kati ya funguo tatu za sanduku letu, na haijapotea hata shilingi. Kwa mkopo wa kikundi amejenga jiko lenye bomba la kutolea moshi. Mama, hebu simama wakuone.

Mimi nilikuomba radhi faraghani. Leo narudia mbele ya watu.

 Kikundi chetu kidumu!