Somo la Redio: Bei Inayokuja Yenyewe

Neno letu la leo ni MKONDO. Liandikeni ubaoni: m-ko-ndo.

Mto Luiche mnaujua. Maji yake huingia ziwani Tanganyika usiku na mchana, hayangoji kuitwa. Habari katika simu nazo zaweza kuja hivyo.

Tuseme Bibi mmoja anauza dagaa wakavu. Katika simu yake umo ukurasa wenye vipande vitatu: cha kwanza chaonyesha bei ya kilo, cha pili kilo alizo nazo, cha tatu jumla ya fedha. Bei ni shilingi 12,000, kilo ni 20, jumla 240,000. Hesabuni wenyewe. Mara bei yapanda, yawa 13,000. Pasipo mkondo, yampasa Bibi aufungue ukurasa upya. Asipofanya hivyo, mchuuzi atamlipa bei ya jana, naye atapoteza shilingi 20,000. Penye mkondo, bei mpya hushuka yenyewe. Kipande cha kwanza hubadilika, na cha tatu, kinachosikiliza mkondo uo huo, husema 260,000. Cha pili hakiguswi.

Mafundi wengi hutengeneza kurasa hizi kwa Angular, iliyotolewa na Google mwaka 2016, pamoja na maktaba ya programu iitwayo RxJS. Humo kipande hujiandikisha kwenye mkondo kama msikilizaji. Basi angalieni sana hapa. Bibi akihamia ukurasa mwingine wa programu ile ile, kipande lazima kijiondoe. Kisipojiondoa, mkondo waendelea kumwaga habari pasipo na mtu: simu huwa nzito, na bando huisha. (Bando ni fedha, jamani!) Fundi akiandika neno «async» mahali pake, kipande hujiandikisha na kujiondoa chenyewe. Mimi naona njia hiyo ndiyo bora kwa fundi anayeanza kazi.

Tena mtandao hukatika. Mkondo ukikauka, bei ya mwisho hubaki pale pale, nayo haionyeshi uzee wake. Kwa hiyo ukurasa mwema huandika na saa.

Sasa someni kwa sauti: «Bei 13,000. Saa 2.10 asubuhi.» Saa ya ukutani yasema saa 8 mchana, na mchuuzi amesimama mlangoni. Je, Bibi auze? Zungumzeni na mwalimu wenu, kisha kila mtu aandike jibu lake.