'Asante nesi' ya woga haimponyi mgonjwa

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu wa kujitegemea na vijana wa Mzinga, Manispaa ya Morogoro, kuhusu mgonjwa na muuguzi wodini.)



Mlinialika nizungumze siasa, nami nitazungumza siasa. Lakini siasa yangu ya leo haipo jukwaani. Ipo wodini, saa nane ya usiku, dripu imekwisha, damu imeanza kurudi kwenye mpira, mgonjwa anaita "nesi, nesi" na haitikiwi. Kama hiyo si siasa, basi mnieleze siasa ni kitu gani.

Swali letu ni hili: je, mgonjwa anayelazwa katika hospitali zetu anaridhika na huduma ya wauguzi? Nendeni mkasimame getini mkawaulize wanaoruhusiwa kwenda nyumbani. Wengi watawajibu, "Tunashukuru, wametuhudumia vizuri." Kigogo akiyasikia hayo huandika kwenye taarifa yake kwamba wananchi wameridhika, kisha anapanda gari lake na kufunga vioo.

Sasa nisikilizeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti walifanya kazi katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga. Waliwauliza akina mama waliojifungulia hospitalini na katika vituo vya afya kama walidhalilishwa kwa namna yoyote: kutukanwa, kupigwa, kuachwa peke yao wakati wa uchungu, au kuwekwa wazi mbele za watu. Walipoulizwa wakiwa wanatoka, akina mama 19 katika kila 100 walisema ndiyo. Kisha baadhi yao wakafuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, wakaulizwa tena. Safari hii waliosema ndiyo walikuwa 28 katika kila 100.

Jamani, hapo kuna nini? Uzazi ni ule ule na hospitali ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali pa kuulizwa. Nyumbani hakuna mlinzi wa geti, hakuna faili lako mezani kwa mtu, hakuna aliyeshika sindano. Nyumbani mtu anatoa la moyoni.

Wazee wetu walisema, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Ni methali ya busara, maana inatufundisha adabu kwa watu tutakaowahitaji kesho. Lakini itazameni upande wa pili. Methali hiyo inatuambia pia kwamba mwenye shida hawezi kusema ukweli mbele ya mwenye kushika roho yake. Basi mnawezaje kumuuliza mwenye shida akiwa bado kitandani, halafu mkaliita jibu lake ukweli?

Mimi mwenyewe nilimuuguza mjomba wangu katika hospitali moja, ambayo sitaitaja. Na hapa Uluguru, ambako ukoo hufuata upande wa mama, mnajua mjomba ni mtu wa namna gani. Alilazwa siku kumi na moja. Siku ya kuruhusiwa akaja bwana mmoja na karatasi, akamuuliza, "Mzee, umeridhika?" Mjomba akajibu, "Sana, mwanangu, Mungu awabariki." Tulipofika nyumbani, amekaa kwenye mkeka wake na uji mkononi, ndipo akasema. Usiku wa tatu aliomba chombo cha kujisaidia mpaka sauti ikakauka, akajikojolea, na asubuhi akafokewa mbele ya wodi nzima kama mtoto. Siku zote kumi na moja hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa "babu wa dirishani".

Nikamuuliza, "Mjomba, mbona hukuyasema haya kwa yule bwana wa karatasi?" Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mjomba, si nimepangiwa kurudi Jumatatu?"

Ndugu zangu, jibu la mjomba lisiwafanye mkaondoka hapa mkiwa na hasira za kwenda kumrukia muuguzi wa kwanza mtakayemwona. Ninyi vijana nawajua. Ndugu yenu akicheleweshewa sindano mnapiga meza, mnatukana mabinti wa watu, halafu mnaondoka mkijiona mashujaa, na mgonjwa wenu anabaki na wale wale mliowatukana. Huo nao ni ujinga.

Kumbukeni Msamvu. Jumamosi ile, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka hapa hapa katika mji wetu kasoro bahari, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 60 walikufa katika siku za mwanzo, na kabla mwezi haujaisha idadi ya vifo ilikuwa imefika 100. Wengi walikuwa vijana wa rika letu, na waendesha bodaboda hawakukosekana. Majeruhi walikimbizwa Hospitali ya Mkoa, na waliozidiwa wakapelekwa Muhimbili.

Mnajua maana ya kumuuguza mtu aliyeungua mwili mzima? Daktari ataamua dawa na kufanya upasuaji. Lakini mtu wa kumpimia maji yanayoingia mwilini na yanayotoka, kumfungua bandeji zilizogandia nyama, kumsafisha huku akipiga kelele, kumfunga upya, kumgeuza asipate vidonda vya kulalia, kumlisha, na kesho kuyarudia yote hayo, ni muuguzi. Daktari hupita kwenye raundi akaenda zake, na muuguzi anabaki. Mwendesha bodaboda aliyevunjika paja, akalala wiki sita mguu umening'inizwa kwa uzito, anaoshwa na binti wa umri wake, na aibu inamla. Namna binti yule anavyomfunika shuka na kumsemesha huo ndio utu wake wote kwa wakati ule.

Kwa hiyo nawaomba tutenganishe madeni mawili ambayo sisi tumeyachanganya muda mrefu, na wakubwa wanafurahi tukiyachanganya.

Deni la kwanza ni la muuguzi mwenyewe. Kumwita mgonjwa kwa jina hakuhitaji bajeti. Kumweleza sindano hii ni ya nini hakuhitaji kibali cha wizara. Kufunga pazia kabla ya kumvua nguo, kutomfokea aliyejisaidia kitandani, kutodai kitu kidogo ili shuka libadilishwe, yote hayo hayasubiri fedha kutoka Hazina. Muuguzi asiyeyafanya anadaiwa yeye binafsi. Tunayo Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga linalowasajili, kuwapa leseni na kusikiliza malalamiko dhidi yao. Anayeombwa rushwa anaweza kupiga simu TAKUKURU, namba 113, bure. Ila muwe waangalifu: si kila mwenye sare ni muuguzi. Wengi tunaowaita "nesi" ni wahudumu wa wodi ambao hawakusomea uuguzi. Ulizeni jina na cheo kwa adabu kabla ya kulalamika, msije mkamshitaki asiyehusika.

Deni la pili ni la serikali. Muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima usiku, yule wa kitanda cha mwisho atachelewa tu, hata muuguzi awe malaika. Glavu zikiisha, shuka zisipotosha, wagonjwa wawili wakilazwa mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja, hapo usimtafute mchawi kwenye meza ya wauguzi. Mchawi yuko kwenye bajeti na katika ajira.

Na msisahau kwamba tunalipa. Tangu mwaka 1993 serikali ilipoanza kutoza gharama za matibabu katika hospitali zake, mwananchi si mwombaji tena pale dirishani. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, maana yake ni kwamba wengi wetu tutachangia. Anayechangia ana haki ya kuuliza usiku kuna wauguzi wangapi zamu.

Wakubwa wenyewe hawaulizi, maana wengi hawalali humo. Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Simlaumu mgonjwa kutafuta tiba, na ni jambo jema kwamba wananchi walielezwa. Lakini kiongozi anayeuguzwa Baltimore atazijuaje kero za zamu ya usiku ya Morogoro?

Mwaka uliofuata, Novemba 2015, Rais John Magufuli alikwenda Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala chini. Akavunja bodi, akamwondoa kaimu mkurugenzi, na fedha zilizokuwa zitumike kwa hafla ya wabunge zikanunua vitanda, 300 kwa hesabu. Nchi nzima ilishangilia, na vitanda vilihitajika kweli. Lakini kitanda hakigeuzi mgonjwa. Kitanda hakisikii mtu akiita saa nane usiku. Ukiongeza vitanda bila kuongeza watu wa zamu, umemwongezea muuguzi yule yule mzigo.

Mtasema, basi tufanye nini, maana haya yametushinda. Hayajashinda watu wengine. Turudi Korogwe. Baada ya yale majibu ya akina mama, wananchi na wahudumu walikaa pamoja wakautengeneza upya mkataba wa huduma kwa mteja, wakakubaliana nani anamdai nani nini. Hospitali ya wilaya ikaweka mapazia. Ikaanza kuweka wazi ni vifaa gani vipo na vipi vimekwisha, ili mgonjwa asidhani amefichiwa. Wakahakikisha hata wahudumu walio zamu wanapata chai. Ndiyo, chai! Aliyekesha na njaa hutoa wapi maneno matamu? Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwezekano wa mama kudhalilishwa ulipungua kwa asilimia 66, ukilinganisha na Muheza ambako mambo yaliachwa yaendelee kama zamani. Hayo hayakufanyika Ulaya. Kutoka hapa ni safari ya basi ya siku moja.

Ninachowaomba vijana wa Mzinga ni kazi ndogo. Ninyi ndio mnaobeba chupa za chai na mabakuli ya uji kwenda wodini. Ninyi ndio mnaowateremsha wagonjwa kutoka milimani, wengine kwa machela mpaka barabara ilipo. Basi kila mtu wa mtaa wenu anayelazwa, akisharudi nyumbani akatulia wiki mbili, mtembeleeni. Msimwulize kama ameridhika, maana neno hilo limeshazoea kusema uongo. Mwulizeni hivi: Uliitwa kwa jina lako? Ulipoita usiku, nani alikuja, na baada ya muda gani? Ulielezwa unatibiwa nini? Ulitoa fedha yoyote bila risiti? Na nani alikuhudumia vizuri, ili naye atajwe?

Hilo la mwisho msiliruke. Muuguzi mwema akiona jina lake limesomwa kwenye mkutano wa mtaa, atapata nguvu ya kukesha tena, na mwenzake mkali atajiuliza kwa nini lake halikusomwa.

Andikeni majibu kwenye daftari bila jina la mgonjwa, kumlinda yule mwenye kurudi Jumatatu. Mkipata ishirini au thelathini, tenganisheni yale madeni mawili. Ya muuguzi pelekeni kwa muuguzi mkuu na bodi ya hospitali. Ya serikali mpelekeeni diwani na mbunge, mbele ya watu, na mumwulize idadi ya wauguzi wa zamu ya usiku. Akijibu kwa porojo, andikeni nayo, tutaichapa. Chama chochote atakachotoka, kikiwemo chetu, daftari ni lile lile.

Wale waliokuwa wanataka nitukane wauguzi samahanini, na wale waliotaka nitukane serikali tu, samahanini pia. Daftari la kwanza nimelinunua mimi, kurasa 96. Nani analichukua?