Kabla ya Kununua Mashine Pana ya Majani

Juma hili nataka tuzungumze juu ya majani ya uwanjani, jambo ambalo sisi wa mjini hulikumbuka mvua zikishanyesha na nyoka akishaonekana mlangoni. Nimeulizwa swali moja na watu wa pande mbili. Upande mmoja ni wenzetu wazaliwa wa Handeni wanaoishi hapa Dar es Salaam, ambao wamechangishana ili wainunulie shule yao ya msingi ya nyumbani mashine ya kukatia majani. Upande wa pili ni mama mmoja wa Korogwe mwenye nyumba ya wageni, anayetaka mashine kwa ajili ya uwanja wake. Wote wameonyeshwa dukani mashine ya namna moja, ile pana ambayo mtu huiendesha akitembea nyuma yake, yenye kukata upana wa inchi 30. Na wote wameniuliza: tuichukue?

Jibu langu ni kwamba mama wa Korogwe aichukue, na wenzetu wa Handeni waiache. Najua jibu hili litawaudhi wa Handeni, maana wao ndio waliokwisha kuipenda zaidi. Lakini fedha zao zimetoka kwa watu wengi, wakiwemo wauza mitumba na madereva wa bajaji, na fedha ya namna hiyo ikipotea mara moja, mchango wa pili haupatikani tena.

Tuanze na huo upana wenyewe, kwa sababu ndio unaouza mashine hizi. Mashine ya kawaida ya kusukuma hukata inchi 21, yaani sentimeta 53. Ukirudi na mstari wa pili lazima upandie kidogo ule wa kwanza, tuseme sentimeta 8, usije ukaacha masharubu katikati. Kwa hiyo kila mstari unakupa sentimeta 45 tu. Chukua uwanja wa mita 50 kwa 40, ambao ni karibu nusu ekari. Ili kuumaliza utatembea kilomita 4 na nusu kasoro kidogo. Mashine ya inchi 30, baada ya kupandia, inakupa sentimeta 68, na uwanja ule ule utaumaliza kwa kilomita 3 hivi. Umeokoa kilomita moja na nusu, na kona za kugeuzia zimepungua kwa theluthi nzima. Kwa mtu anayekata kila juma wakati wa masika, hiyo si faida ndogo. Muuzaji akikwambia hivyo hakudanganyi.

Ila hesabu hiyo inadai mambo matatu ambayo muuzaji hatayataja: ardhi iwe sawa, majani yawe mafupi, na mashine iweze kwenda moja kwa moja bila kuzuiwa na kitu.

Mashine hizi hazikuzaliwa kwetu. Mwingereza mmoja aitwaye Edwin Budding, wa Stroud, alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1830 kwa mashine ya kukata nyasi za bustani. Wazo lake alilitoa katika kiwanda cha nguo za sufu, ambako kulikuwa na mtambo wa kupunguza manyoya juu ya kitambaa ili kiwe laini. Mashine yake ya kwanza ilikuwa na upana wa inchi 19, na mmojawapo wa wanunuzi wa mwanzo ilikuwa bustani ya wanyama ya London. Angalieni alikoanzia: alikuwa anafikiria kitambaa. Uwanja wa Kiingereza umelainishwa kwa miaka mingi, mawe yameondolewa, majani ni laini kama ya mpunga mchanga. Kisu cha kuzunguka kilicholala chini ya bati, kama cha hizi tunazouziwa leo, kilikuja kupata umaarufu miaka zaidi ya mia moja baadaye, hasa pale Victa wa Australia walipoanza kutengeneza za kwao mwaka 1952. Hicho ni kigumu zaidi, kinastahimili majani magumu. Hata hivyo bado kinataka uwanja, hakitaki pori.

Mwezi uliopita nilipita huko nikaona viwanja vyote viwili kwa macho yangu.

Wa Korogwe uko upande wa bonde la mto Pangani. Umezungushiwa ukuta, na ardhi ni tambarare kama meza. Majani yake ni ukoka mtupu, na mama huyo humwagilia kiangazi ili wageni wanaoshuka kwenye mabasi ya Moshi na Arusha wakute kijani. Mawe yameokotwa siku nyingi. Kuna minazi mitatu tu na mstari wa maua. Kijana mmoja hufyeka kwa kwanja siku mbili kila juma, na wakati wa mvua hata siku mbili hazimtoshi. Mama akaniambia, "Kaka, mimi nataka asubuhi moja kazi iishe. Mgeni akija saa nane akute uwanja umetulia."

Huyo ndiye mtu wa mashine pana. Nilimwomba apime kwanza geti lake dogo la nyuma, kwa sababu mashine inayokata inchi 30 kwa nje huzidi hapo kwa inchi kadhaa, na wako watu waliokwisha kubomoa nguzo ya ukuta ili kuingiza kitu walichokilipia. Lake lilitosha. Nikamwambia achague yenye kujivuta yenyewe kwa gia, kwa kuwa mashine hizi zinafika kilo 60 na zaidi, wakati ile ya kawaida ni kilo 30 hadi 40. Kumpa kijana kilo 60 azisukume kwa kifua katika joto la Korogwe ni kumwonea.

Na huyo kijana asifukuzwe. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa nimeona linavyokwenda. Mashine inaingia leo, mfyekaji anaachishwa kesho, kisha mashine inakabidhiwa mlinzi wa usiku ambaye hajui hata oili inapimwa wapi, na baada ya miezi miwili injini imekauka. Yule anayejua kila shimo la uwanja ndiye afundishwe, na posho yake ibaki pale pale hata kama siku zimepungua. Siku iliyobaki ana kazi ya kunoa kisu na kusafisha chujio la hewa. Mama alinyamaza kidogo, halafu akasema atafikiri. Natumaini anasikiliza.

Sasa Handeni. Kutoka Korogwe ni kilomita 65 za lami, lakini majani ni mengine kabisa. Uwanja wa ile shule ni karibu ekari moja ukiondoa wa mpira. Una vichuguu viwili. Una visiki vya miti iliyokatwa zamani, vingine vimejificha chini ya majani. Mizizi ya miembe imeinuka juu ya ardhi. Mashine nyembamba ikikutana na tuta hupanda na kushuka pamoja nalo. Ile pana haiwezi. Magurudumu yanakuwa huku na huku, tuta linakuwa katikati, na visu vinanyoa udongo. Nyingi za hizi pana zina visu viwili vinavyozungushwa kwa mkanda. Kisu kimoja kikigonga kisiki, kinachoumia ni kisu, mhimili wake na mkanda, vyote kwa siku moja. Fundi wa bodaboda wa Handeni ataifungua injini hiyo bila wasiwasi, maana injini ya petroli ya piga-nne anaijua. Mkanda ndio utakaomshinda. Mikanda ya mashine za kukoboa mahindi ipo kila mahali, lakini wa mashine hii una urefu wake na umbo lake, na ukikatika utasubiriwa kutoka Dar es Salaam au mbali zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu hawakulifikiria, nalo ni likizo. Kanuni ya kukata majani vizuri ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Ukitaka yabaki sentimeta 8, yakate yakifika 12. Mashine pana imetengenezwa kwa kazi hiyo ya kila juma. Sasa shule zetu hufungwa Desemba, mvua za vuli zikiwa zimekwisha kunyesha. Mwalimu akirudi Januari anakuta majani ya kufika gotini, yenye mashina magumu. Ukiingiza mashine pana humo, majani yanajaa chini ya bati, injini inazimika, unainua, unachokonoa, unawasha tena. Kisha inapelekwa stoo kwa maneno kwamba ni mbovu, na kuku wanataga juu yake.

Halafu kuna watoto. Kanuni za utengenezaji za Marekani zinasema ncha ya kisu cha mashine hizi isizidi mwendo wa futi 19,000 kwa dakika. Hizo ni kama kilomita 347 kwa saa, zaidi ya mara nne ya basi linalokwenda 80. Kokoto likipigwa kwa mwendo huo halichagui dirisha wala jicho. Kwa mama wa Korogwe kuna ukuta na watu wazima. Kwa shule yenye mamia ya watoto wanaopenda kukimbilia kila kinachonguruma, lazima pawe na mtu mmoja mzima anayejua, na saa maalumu ambayo watoto wako darasani au wamekwenda nyumbani. Na mashine yoyote mtakayonunua, jaribuni pale pale dukani ile fimbo ya usalama kwenye mpini. Mkono ukiiachia, kisu kisimame. Marekani walilifanya hilo kuwa lazima mwaka 1982, na muda waliotoa ni sekunde 3. Kama muuzaji amekifunga kwa waya ili kisisumbue, ondokeni.

Nilipomweleza haya mweka hazina wao, alinijibu kwa heshima lakini kwa uchungu. "Mzee, tukipeleka mafyekeo watatucheka. Watasema mmekaa Dar miaka yote hii, mnatuletea fyekeo."

Hapo ndipo penye shida, na si Handeni peke yake. Tunapenda zawadi ya kupiga nayo picha. Lakini mimi sikusema wapeleke fyekeo peke yake, ingawa sioni aibu yake. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 wengi wetu tulishika kwanja shuleni na hatukufa. Nia ya wenzetu ni njema: wanataka mtoto asipoteze vipindi vya asubuhi kwa kufyeka. Basi kwa uwanja ule wanunue mashine mbili za kuvaa begani, zenye kisu cha chuma, si uzi wa nailoni tu. Hiyo inazunguka kisiki, inapanda kichuguu, inaingia kwenye majani ya gotini bila kulalamika. Ikiharibika moja, ya pili inaendelea. Wanunue na miwani, ngao za uso na buti za watu wawili, kwa maana hizi nazo hurusha mawe, na watengenezaji husema watu wakae mita 15 mbali. Wajue pia kwamba nyingi ni za piga-mbili, oili inachanganywa na petroli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Mtu akitia petroli tupu, ameua injini siku hiyo hiyo.

Na kama kijijini kuna pawatila inayofanya kazi, mojawapo ya zile zilizoenea tangu Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, waulize kama kinapatikana kisu chake cha mbele, kile chenye meno kama mashine ya kinyozi, kinachokwenda kushoto na kulia. Kinakata upana kuliko hiyo ya inchi 30, hakirushi mawe, na majani marefu ndiyo chakula chake. Visiki lakini ving'olewe kwanza. Wazazi wakijitolea Jumamosi mbili kung'oa visiki na kusawazisha vichuguu, baada ya miaka michache uwanja ule nao utakuwa wa mashine pana, na wakati huo nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Nani atashika ufunguo? Hili liandikwe kabla mashine haijapakiwa kwenye basi. Mashine ya shule ina tabia ya kuazimwa na wakubwa, leo kwa arusi, kesho kwa uwanja wa nyumba ya fulani, na anayeazima harudishi na petroli. Kamati ya shule iwe na daftari, siku, saa na jina. Petroli isilale stoo moja na vitabu. Oili ya injini ya piga-nne ibadilishwe baada ya saa 5 za kwanza za kazi, kisha kwa kufuata kitabu. Chujio la hewa litazamwe kila juma wakati wa kiangazi, maana vumbi la Handeni halina mchezo. Na siku ya kununua, iwe ya Korogwe au ya Handeni, plagi mbili za akiba, kisu kimoja cha akiba, na kwa mama wa Korogwe mikanda miwili, vichukuliwe duka lile lile na viandikwe kwenye risiti moja na mashine. Duka likisema mikanda italetwa mwezi ujao, mashine nayo ichukuliwe mwezi ujao.