Tunapobadili Insulini ya Muda Mrefu

Ndugu zetu, sisi wenye kisukari cha aina ya kwanza tunaishi kwa sindano. Wengi wetu tumezoea NPH, insulini ile ya rangi ya maziwa ambayo huibingirisha viganjani kwanza. Zikipita saa 4 hadi 10 tangu kujichoma, ndipo nguvu yake hupanda. Ukichoma jioni, sukari yaweza kushuka usiku wa manane, nawe umelala fofofo.

Sasa kuna glajini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza insulini za namna hiyo katika orodha ya dawa muhimu. Hukaa mwilini karibu saa 24, wala haipandi ghafla. Nzuri! Lakini kuhamia kwake si kama kubadili sabuni.

Tuseme unachoma NPH yuniti 20 asubuhi na 10 jioni, jumla 30. Kwa kawaida daktari hupunguza moja ya tano, uanze na 24 mara moja kwa siku. Hesabu ni ya daktari, tusijipangie. Siku za mwanzo tupime sukari mara nyingi, hata alfajiri.

Hatari kubwa ni hii: glajini ni angavu kama maji, sawasawa na insulini ya haraka, ile ya chakula. Ukikosea kichupa, ukachoma yuniti 24 za ile ya haraka wakati wa kulala, unaweza usiamke. Basi sisi tunafunga uzi kwenye kichupa cha glajini. Hatuzichanganyi katika bomba moja, na ile ya chakula hatuiachi.

Jamaa wa nyumbani nao waonyeshwe huo uzi, maana siku tukizidiwa wao ndio watakaotuletea dawa.