Kabla Hujajipaka

Leo tunazungumzia vipodozi.

Ukinunua krimu gulioni, soma kwanza kibandiko: viambato, mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi. Isiyo na maandishi, iache. Yenye zebaki au haidrokwinoni, irudishe. Viambato hivyo vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania. Zebaki hudhuru figo, na hata mtoto aliye tumboni.

Ukiridhika, ijaribu: paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, usubiri saa 24 hadi 48. Ikiwasha au ikitoa vipele, nawa na uache kuitumia.

Krimu inayong'arisha ngozi kwa siku chache isikuvutie, ikutie shaka. Toa taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), wasimamizi wa vipodozi tangu 2019.