Kipindupindu: Kwa Nini Mtoto Anayehara Anywe Zaidi

Leo tunazungumzia kipindupindu, na swali ambalo wengi hujiuliza: ikiwa mtoto anahara maji matupu, kuna faida gani kumnywesha maji zaidi?

Bakteria wa kipindupindu huingia mwilini kupitia maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Wakifika katika utumbo mwembamba, hujishikiza kwenye ukuta wake na kutoa sumu. Wao hubaki nje. Sumu yao ndiyo inayoingia ndani ya seli za utumbo. Seli ni zile chembe ndogo sana zinazoujenga mwili, kama matofali ya nyumba.

Seli hizo zina kitu mfano wa mfereji wa kutolea chumvi. Kwa kawaida mfereji hufunguliwa kidogo, kisha hufungwa. Sumu hii huukwamisha ukiwa wazi. Chumvi humwagika ndani ya utumbo, na maji ya mwili huifuata. Ndiyo maana choo hufanana na maji yaliyooshea mchele. Mtoto anaweza kufa kwa saa chache, kwa sababu mwili umekauka.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Sumu hiyo haiui seli. Kuna mlango mwingine ambao haiufungi: mlango unaoingiza sukari na chumvi kwa pamoja. Viwili hivyo vikiingia, maji nayo huvifuata kurudi mwilini. Hivyo ndivyo dawa ya ORS inavyofanya kazi. Haizuii kuhara mara moja, bali hurudisha maji yanayopotea. Kwa hivyo usiache kumpa eti kwa sababu bado anahara.

Jambo hili lilithibitika mwaka 1971, wakati wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipopatwa na kipindupindu katika kambi ya Bongaon, India. Maji ya dripu yalipokaribia kwisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliamua wagonjwa wanywe maji ya sukari na chumvi. Jamaa zao ndio waliowanywesha. Vifo vilipungua kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Mtoto akianza kuhara, fanya hivi:

Koroga pakiti ya ORS katika maji safi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Usiongeze sukari, kwani ikizidi huvuta maji zaidi utumboni.

Ukikosa pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kujaza.

Kila anapohara, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe; mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha umpe polepole kwa kijiko. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage.

Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mwulize mhudumu wa afya kuhusu vidonge vya zinki.

Kama choo ni maji matupu na kingi, usingoje: mpeleke hospitali huku ukimnywesha njiani. Fanya haraka zaidi ukiona macho yamebonyea, amelegea, hakojoi, hawezi kunywa, au ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Huyo huenda akahitaji dripu.

Wewe nawe nawa mikono kwa sabuni baada ya kumsafisha na kabla ya kushika chakula, na utibu maji ya kunywa. Sumu hiyo haiwezi kufungua mfereji wowote ikiwa bakteria hawakuingia mdomoni.

Mwambie na jirani yako.