Mgonjwa Aitwaye Mgeni

Wasikilizaji wetu, leo twataka kusema nanyi habari za watu wenye maradhi makali ya akili. Sisi twazoea kuwaita wenye wazimu, na jina hilo likiisha kutamkwa, mara nyingi mtu hupotewa na jamaa zake wote.

Katika nchi ya Ubelgiji uko mji uitwao Geel. Tangu karne ya 13 wagonjwa wa namna hii waliletwa huko kuombewa katika kanisa la Mtakatifu Dymphna. Walipozidi nafasi ya kanisa, wenyeji wakawapokea majumbani mwao, na desturi hiyo haijakoma hata leo, ingawa wapokewao wamepungua sana. Mwaka 1938 walikuwa zaidi ya 3,700. Mgonjwa hula pamoja na watu wa nyumbani, husaidia kazi za shamba au za jikoni, wala haitwi mgonjwa, bali mgeni. Sisi husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wa Geel wamelifuata neno hilo pasipo kulisikia. Wala msidhani ni huruma tupu: mwenye nyumba hulipwa fedha kidogo na serikali, na hospitali iko karibu. Jambo hilo si aibu, maana mgeni naye hula.

Afrika nako limefanyika. Mwaka 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo, mzaliwa wa Abeokuta katika Nigeria, alianza kazi yake huko Aro. Wagonjwa walikaa katika vijiji vilivyo karibu na hospitali, kila mmoja pamoja na jamaa yake wa kumpikia na kumfulia. Walikwenda hospitalini kutibiwa, kisha wakarudi kijijini kwa wenzao.

Basi mtu arudipo kwetu kutoka Mirembe kule Dodoma, au Mathari kule Nairobi, hurudi kwa nani? Kamba na mnyororo haviponyi. Huumiza mikono tu. Yambidi awe na mtu wa kumkumbusha dawa, kwani wengi huziacha waonapo nafuu, ndipo maradhi hurudi. Apewe kazi aiwezayo, na watoto wakatazwe kumzomea. Tena usingizi wake utazamwe. Akikesha usiku mbili tatu mfululizo, apelekwe kwa daktari siku ile ile, asingojewe mpaka aanze kupiga kelele sokoni.